Ukingo wa Kulia

9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia, na ule mlango wa studio unaogoma kufunguka wakati wa mvua umepata fundi. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Ofisi ya upimaji imenipa eneo la vilimani, na kutwa nzima napanda na kushuka na vigingi begani huku mwenzangu mwenye misuli akibeba daftari. Nyumba ni ileile, vyumba viwili juu ya karakana ya baiskeli, na ngazi yenye kidato cha tano kinachomtangaza kila anayepanda.

Mama hajambo. Tangu alipostaafu ukarani na kuja kukaa nami amepanga upya kila kabati, na sasa nikitaka chumvi kwenye jiko langu mwenyewe lazima niulize. Hakunituma nikusalimie, wala hakunikataza. Nakuachia uamue kama hiyo ni salamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Ulikata kabla sijafika kwenye "hujambo", na mara ya mwisho ulisema picha ya kwenye simu si picha, ni uvumi. Basi nimenunua bahasha.

Shida yangu ni hii. Ofisi inatengeneza kalenda ya mwakani, na safari hii picha zote kumi na mbili zitatoka kwa wafanyakazi. Juu ya mji wetu kuna kasri la kale, lenye minara miwili na ukuta mrefu unaoshuka kilima. Jumapili iliyopita tulipanda huko mchana, nikapiga picha ishirini na saba. Hii niliyokutumia ndiyo niliyoipenda, lakini kila nikiitazama naona kuna kitu kimekaa vibaya na sijui ni kipi. Nilipokuwa pale kasri lilinitisha. Kwenye picha linanitazama kama jengo la posta.

Wewe umepiga picha miaka arobaini. Niambie nifanye nini. Na nikuambie ukweli, Mjomba, sijaandika kwa ajili ya kalenda peke yake. Miaka kumi na minane wewe na Mama hamjaambiana hata "habari za asubuhi". Nilikuwa na miaka minane mlipoanza, na mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini. Siombi unieleze. Nimechoka tu kuwa mpwa katika mji mmoja na mtoto katika mji mwingine.

Mpwa wako


2 Februari

Kwa Kidole,

Marahaba. Barua yako imefika, na bahasha uliibandika gundi ya kutosha kujengea kasri jingine. Naona bado unashangaa kwa nini nakuita Kidole. Ni kwa sababu kila picha uliyopiga utotoni ilikuwa na kidole chako kwenye kona. Hii uliyonitumia haina. Umekua, lakini jina nimelizoea.

Kifua kipo. Mlango haujapata fundi, nimejifunza kuupiga teke. Kazi nyingi sasa ni picha za pasipoti, watu wanaingia wamenuna na wanataka watoke wamenuna vilevile. Nisalimie wote hapo nyumbani kwako.

Sasa picha. Umesimama mahali pazuri, na kivuli cha ukuta umekikamata vizuri sana. Nasema hivyo kwanza ili usinune. Baada ya hapo umekuwa mchoyo, umetaka kila kitu kiingie. Juu kuna anga jeupe lisilo hata wingu, limekula theluthi nzima ya picha bila kufanya kazi yoyote. Kushoto, chini ya mnara mdogo, kuna gari limeegeshwa, na nyuma yake tangi la maji la manjano. Jicho langu lilikwenda kwenye tangi kabla ya kwenda kwenye kasri. Ndiyo maana unaona posta.

Chukua kadibodi, ukate vipande viwili, kila kimoja kikae kama kona ya mlango. Vilaze juu ya picha vikitazamana, upate dirisha. Sasa sogeza taratibu, huku ukijiuliza kila mara, nikikiondoa hiki, kuna atakayekililia? Usiguse kompyuta kabla hujafanya hivyo kwa mikono.

Anga libaki vidole viwili tu. Gari liende. Kulia kuna mwanamke amekaa kwenye ukuta mfupi, amejifunga mtandio mwekundu, kiatu cha kushoto kakivua na kukiweka chini. Huyo naye aende. Wekundu unaiba jicho, na mtu ukingoni mwa picha humfanya mtazamaji atake kutoka nje.

Ukishamaliza, toa rangi. Kasri ni jiwe na kivuli, rangi hapo zinapiga domo tu. Ifanye nyeusi na nyeupe, kisha nitumie nione.

Mjomba wako


1 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Mwenzangu wa ofisini ameoa, kwa hiyo sasa anabeba daftari akiwa anatabasamu. Uliniambia nisalimie wote. Hapa wote ni mtu mmoja, nawe unajua. Nilimsomea sentensi hiyo wakati anakunja nguo. Akaniuliza kama nimelipia maji.

Kadibodi zako nimezikata kwenye boksi la viatu. Mwanzoni nilijiona mjinga, mpimaji wa ardhi mwenye vyombo vya kisasa anasukuma makaratasi mezani. Baadaye nikasahau chakula jikoni. Nilipolishusha anga, mnara mkubwa ulipanda. Sikuugusa, Mjomba, ulipanda wenyewe. Nilipoondoa gari na tangi, ukuta ukaanza kushuka kilima kama nilivyouona siku ile. Nilimwita Mama aone. Alikuja, akasimama, akasema "Sasa linatisha", akarudi jikoni kuokoa sufuria.

Kutoa rangi ndiko kulikonishinda. Kompyuta ya ofisi ina kitufe cha kazi hiyo, nikakibonyeza. Kila kitu kikawa kijivu kimoja, mawe, vichaka na njia. Yule mwanamke wa kulia ndiye aliyenishtua. Mtandio wake mwekundu na kichaka cha kijani kilicho nyuma yake vimekuwa rangi moja kabisa. Kwenye rangi alikuwa kitu cha kwanza kuonekana, sasa lazima umtafute. Yupo, lakini hayupo.

Nimefuata yote uliyosema isipokuwa hilo la kulia. Upande huo sijaukata. Nakuuliza kwa adabu, je, lazima aondoke? Nauliza pia, wewe unayesema hafai, uliwezaje kuona hata kiatu kilichovuliwa? Mimi niliyepiga picha sikukiona mpaka niliposoma barua yako.

Nimeweka kadi ya kamera yenye picha yenyewe ndani ya bahasha, uitazame kwenye kompyuta yako ya pasipoti. Kalenda inafungwa mwisho wa Julai.

Mpwa wako


23 Machi

Kidole,

Marahaba. Kifua kizuri, mvua zimeanza, mlango naupiga teke mbili. Nisalimie hao wote wako.

Kitufe hicho ni cha wavivu. Kutoa rangi si kufuta rangi. Kila rangi lazima uiamulie itakuwa nyeupe kiasi gani au nyeusi kiasi gani, moja moja. Zamani nilikuwa na vioo vya rangi vya kuweka mbele ya lenzi. Ukiweka chekundu, vitu vyekundu vinang'aa na kijani kinazama. Ukiweka cha kijani, mambo yanageuka. Kompyuta yako ina vioo hivyohivyo ndani, viko kama vijiti vya kusogeza kushoto na kulia. Cheza navyo. Kijani kiteremshe vichaka viwe vizito, na manjano ipandishe kidogo, mawe yatapata jua. Nyeusi iwe nyeusi kweli mahali pamoja angalau, na nyeupe iwe nyeupe kweli mahali pamoja. Picha isiyo na hivyo viwili ni uji.

Kuhusu kiatu, nina lenzi ya kukuza, na kazi yangu ni kuona. Usitafute makubwa.

Kuhusu huyo mtu wa kulia, nimekujibu tayari. Umenionyesha picha ya kasri, nimekupa ushauri wa kasri. Ukianza kuhurumia kila aliyepita mbele ya lenzi, hutamaliza picha hata moja. Sogeza kadibodi yako ya kulia vidole vitatu, mambo yaishe. KATA.

Mjomba wako


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu na sababu si kazi.

Yule mwanamke wa kulia ni Mama. Nilitaka umwone mwenyewe bila kuambiwa. Nilifikiri utamwona, utaandika mstari mmoja wa kumwulizia, nami nitausoma kwa sauti wakati wa chai na dunia itaendelea. Huo ndio uliokuwa ujanja wangu wote. Badala yake umeniambia mara mbili nimwondoe.

Barua yako ya Machi niliiacha wazi mezani. Mama hasomi barua za watu, lakini neno la mwisho umeliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili, linasomeka hata ukiwa mlangoni. Nilipotoka kuoga nilimkuta amekaa, mikono mapajani. Akasema, "Bado anaandika K yake vilevile."

Kisha akanieleza, kwa mara ya kwanza, na kwa utulivu kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Kwamba mlipiga picha ya familia siku Bibi alipotimiza miaka sabini, Bibi katikati na watoto wake wote. Kwamba wewe uliiosha, ukaikuza, ukaileta kwenye fremu yenye nakshi, ikatundikwa sebuleni kwa Bibi siku ya wageni. Na kwamba yeye, aliyesimama mwisho kushoto, hakuwamo. Wageni walipoondoka aliishusha na kuifungua fremu.

"Nilidhani ameikunja," akaniambia. "Picha isipoenea watu huikunja, wala si tusi. Nikaigeuza. Mgongoni kulikuwa na penseli, mwandiko wake. Kata dada. Maneno mawili, mwanangu."

Tangu siku hiyo, Mjomba, Mama hugeuza kila picha anayopewa. Mtu akimletea picha ya mtoto mchanga, anasoma mgongo kwanza ndipo anasema mtoto mzuri. Miaka yote hii nimedhani ni mazoea ya kikarani.

Nilikuwepo kwenye msiba wa Bibi. Nawakumbuka mmekaa kwenye kuta mbili zinazotazamana, kila mmoja akimliwaza mgeni wa mwenzake. Sitaki nione hivyo tena, halafu mmoja wenu akiwa ndiye anayezikwa. Nina hasira na wewe na sioni haja ya kuificha. Picha ya kasri nimeiweka kwenye droo.

Mpwa wako


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki tano sasa. Kama unaumwa, mwambie jirani yako fundi viatu aniandikie. Kama huumwi, basi sina la kuongeza.

Mama aliuliza jana kama mtu wa posta amepita. Hajawahi kuuliza.

Mpwa wako


11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Siumwi. Nimechana barua tatu, hii ni ya nne, na hata hii naiandika huku studio imefungwa na kibao cha "Nimetoka kidogo" kiko mlangoni. Nisalimie mama yako. Sikusema wote, nimesema mama yako.

Nilimjua siku ile ile nilipofungua bahasha yako ya Januari. Hata lenzi sikuichukua. Tangu ana miaka mitano, dada yangu akichoka huvua kiatu kimoja, cha kushoto, akakaa na kingine mguuni. Mama yetu alikuwa akimfokea kila siku, ama vua vyote ama vaa vyote. Amekaa mita mia kutoka kwenye kamera, ana mvi, amegeukia upande mwingine, na kiatu kimoja kiko chini. Nilikaa na picha ile mpaka mteja akagonga kioo. Nikakuandikia umkate kwa sababu sikuweza kumtazama. Mengine yote niliyoandika kuhusu ukingo wa picha ni ufundi wa kweli, na niliutumia kujificha nyuma yake.

Sasa nikueleze ya zamani, kwa kuwa barua yako imeniambia jambo ambalo sikulijua. Sikujua kwamba alifungua fremu. Miaka yote hii nilidhani amenuna kwa kuwa hakuona sura yake ukutani, na nilijiambia mtu mzima hanuni miaka kumi na minane kwa ajili ya picha. Nikangoja yeye aanze.

Siku ile niliweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaitega, nikakimbia kusimama na wenzangu. Kamera ilipolia, mtoto mmoja mdogo kule nyuma ya kamera aliita "Mama!", kwa kuwa alikuwa ameingiza kidole chake kwenye kijungu cha udongo na kimenasa. Mama yako akageuka. Kwa hiyo kwenye picha wote wametulia, yeye ametikisika, sura ni ukungu. Hakukuwa na picha ya pili, filamu ilikuwa imekwisha. Nilipoiosha nilisema hapana, hata akiwa ukungu ni dada yangu. Nikaikuza, na mgongoni nikaandika maelekezo ya kukata kingo, kama ninavyoandika kwenye kila picha ili nisisahau.

Halafu ikaja fremu. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe na nimejisifia kwa kila mtu, nakshi ya mkono, zawadi ya Mama yetu. Usiku wa kuamkia siku ya wageni nikaijaribisha. Picha ilizidi vidole viwili. Muda wa kukuza nyingine haukuwepo, na kusema kwamba nimenunua fremu isiyoenea sikutaka. Nikaiweka picha chini ya kisu. Kushoto alisimama mtu aliyetikisika. Nikasema moyoni, fundi yeyote angekata kushoto.

Lakini picha ina kingo mbili, Kidole, na wewe mpimaji unalijua hilo kuliko mimi. Ningeweza kukata kulia. Kulia nilikuwa nimesimama mimi, nimetulia, nimependeza, na tai mpya. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Kile kipande chembamba sikukitupa. Nilikiweka kwenye kopo la bati pamoja na vioo vyangu vya rangi, sura ikiwa juu. Baada ya barua yako ya Mei nilikitoa na kukigeuza, mara ya kwanza tangu kisu kilipopita. Unajua mgongoni mwa picha kushoto huwa ndiko kulia, kwa hiyo mwisho wa mwandiko wangu uliangukia kwenye kipande hicho. Sentensi haikuwa na maneno mawili. Ilikuwa na matatu. Kisu kilimkata mama yako na neno lake pamoja, na kilichobaki kwenye fremu kikawa kinasema kinyume cha nilichoandika. Ningeweka mkato mmoja mdogo baada ya neno la kwanza, pengine angejiuliza. Sikuweka. Huwa naandika kwa haraka.

Kwa hiyo mkono ulioandika ulikuwa na nia njema, na mkono uliokata ulikuwa na aibu, na yote miwili ni yangu. Usimsomee hili kama utetezi. Alikatwa kweli.

Picha yako ya kasri nimeifanya mwenyewe, toka kwenye kadi. Imo kwenye bahasha kubwa. Nimekata anga na gari kama tulivyosema, kisha nikaendelea. Mnara mdogo wa kushoto nimeuondoa wote, na mkubwa nimeupunguza. Ni kasri, halitanuna. Ukingo wa kulia sijaugusa hata unywele. Sasa ukuta unashuka kutoka juu kushoto mpaka unafika alipokaa. Kijani nimekizamisha, na ile rangi nyekundu nimeipandisha hadi mwisho. Mtandio wake ndicho kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha, na kichaka cha nyuma yake ndicho cheusi kuliko vyote. Kiatu kinaonekana bila lenzi. Nilikosea kukuambia mtu wa ukingoni anaharibu picha. Inategemea ukuta unaelekea wapi.

Mpe picha hiyo mkononi na usimweleze chochote. Ataigeuza mwenyewe. Ndani kuna bahasha ndogo nyingine yenye jina la utotoni ninalomwita mimi peke yangu. Hiyo usiifungue.

Mjomba wako


6 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo naanza na habari, salamu nimeziweka mwisho. Utaona kwa nini.

Bahasha ilifika Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Nikampa picha bila neno, nikajifanya natafuta kitu kabatini. Aliigeuza hata kabla hajaitazama, kama ulivyosema. Mgongoni uliandika kwa penseli, mwandiko ule ule, K ile ile. Akasoma kwa sauti, akisimama penye mkato kama mwalimu anayesomea darasa imla. "Kata, dada abaki."

Aliisoma tena kimya. Ndipo akaigeuza upande wa mbele na kujiona, mdogo kama punje, mweupe, na kiatu chini. Akainama akatazama miguu yake chini ya meza. Kiatu kimoja kilikuwa kimevuliwa.

Bahasha ndogo aliifungulia chumbani. Nilisikia sanduku likiburutwa. Alirudi na ile picha ya Bibi, Mjomba, bila fremu. Sikujua kwamba anayo. Aliichukua baada ya msiba na akaificha chini ya nguo miaka yote hii. Aliilaza kifudifudi kwenye meza, akapangusa mchele pembeni, akakisogeza kile kipande chembamba, kilichotoka kwenye bahasha ndogo, kwa kidole mpaka kikagusana nayo. Penseli imefifia upande mmoja na upande mwingine bado nyeusi, lakini mstari uliouchora chini ya maneno unapita moja kwa moja, haukuruka hata kidogo.

Akasema, "Kumbe kulikuwa na neno."

Alilia. Nakuambia kwa sababu najua utataka kujua, na kwa sababu alilia vizuri, bila kujificha jikoni. Baadaye akavigeuza vyote viwili upande wa sura. Bibi katikati, nyinyi wote mmejipanga, wewe na tai yako kulia, na yeye kushoto, ukungu. Nikamwuliza alikuwa anatazama nini. Akaniambia, "Nilikuwa nakutazama wewe na kijungu chako." Kwa hiyo mimi nami nimo kwenye kesi, na nimeamua kukiri. Barua yako nilimsomea yote, hata pale pa ukingo wa kulia. Hapo aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema tai ile ilikuwa mbaya siku zote.

Picha ya kasri niliipeleka ofisini siku ya mwisho kabisa. Mkuu wetu aliivalia miwani yake yote miwili. Akasema nzuri sana, ila huyu mtu wa pembeni, haiwezekani kumwondoa kidogo? Nikamjibu kwamba ukimwondoa yeye, ule ukuta wote utakuwa unashuka kwenda kwa nani. Aliitazama tena, akaiweka kwenye rundo la zilizopita. Imepewa mwezi wa Oktoba.

Sasa salamu. Nilikuwa nataka kuziandika mimi, Mama akaninyang'anya kalamu na kusema mwandiko wangu hausomeki. Amevua kiatu kimoja, amekaa hapa, na haya yanayofuata ni yake.

Kaka,

Shikamoo. Picha nimeiona, mbele na nyuma. Panda gari uje tupige nyingine, na wewe simama popote unapotaka. Mimi sitageuka hata mtu akiita.

Fremu nitanunua mimi.